Makofi Mliyompigia Mume Wangu

Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Hosiana, mwenye darasa hili, masheikh na wachungaji mlioketi meza ya mbele, wahitimu wetu wa Kiingereza, ndugu wageni waalikwa, na wewe mume wangu Baba Husna, uliyejikunyata nyuma ya Fransisko mkalimani wetu ukidhani sikuoni: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo, na kila mmoja kwa imani yake nampa salamu ya amani.

Naitwa Swaumu, mzaliwa wa Handeni, mke wa huyu Ramadhan Mdoe ambaye sasa hivi mmempigia makofi mpaka mabati yakaitika. Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia za wahitimu. Neno hilo nililiandaa tangu juzi, nikalikariri nikiosha vyombo, na nia yangu ilikuwa nishukuru kwa adabu, niketi, tule pilau. Lakini kuna jambo limetokea humu humu ukumbini, na neno langu la juzi halitoshi tena. Mtanivumilia.

Nianze na sifa, maana sifa ni haki ya mtu. Mwalimu Hosiana, nakusifu. Umeshuka kutoka Bungu kwenye baridi yenu, ukaja hapa Kilole kwenye joto letu, ukakodi chumba nyuma ya fundi cherehani, ukawafundisha watu wazima Kiingereza bila kuwakaririsha kwamba hiki ni kiti na ile ni meza. Wewe unawatupia jambo la nchi. Je, tuuze mahindi nje au tuyaweke kwanza ghalani? Je, mtu anaweza kuipenda nchi yake na bado akailalamikia? Wanabishana kwa Kiingereza. Mtu akikwama anataja neno kwa Kiswahili, nawe unampa la Kiingereza, naye lazima amjibu nalo mwenzake papo hapo. Nasikia huwa unasema, "Mpaka damu ichemke kidogo, ndipo neno linakaa." Ni kweli, yamekaa. Mume wangu anaoga na "sovereignty", yaani nchi kujitawala yenyewe, na chai anakunywa na "dignity", yaani heshima ya utu. Nakusifu sana, mwalimu, na nakuonea wivu. Nalisema mbele ya Mheshimiwa Diwani ili majirani wasije wakalisema kwa niaba yangu.

Maana wameshaanza. Jirani yangu Maryamu aliniuliza, "Dada Swaumu, kwani huyo mwalimu ni mzuri sana?" Nikamwambia, uzuri ningeuweza; uzuri nami nilikuwa nao, na kipande bado kipo. Kinachoniuma ni mazungumzo.

Ndugu zangu, ndoa za wengine zimeshikwa na watoto, za wengine zimeshikwa na nyumba. Yetu ilishikwa na ubishi. Tangu anioe, redio ikisoma taarifa ya habari, sisi tunapukuchua mahindi na kubishana. Akisema serikali imekosea, mimi nasema imepatia. Akigeuka kuisifu, nami nageuka. Husna amekulia katikati yetu akidhani kila nyumba ina bunge lake. Kisha likaja darasa. Sasa Baba Husna anarudi nyumbani amekwisha kusema. Nikimchokoza, "Umesikia walichopitisha leo?", ananijibu, "Tumeshalijadili darasani, Mama Husna." Tumeshalijadili! Yeye na nani? Nimebaki kupukuchua mahindi na redio, na redio haibishani na mtu.

Haya, hilo nililimeza. La Mkumbara ndilo lililonikaba.

Mwezi uliopita tulikuwa Mkumbara, kwenye meza yetu ya nyanya na machungwa kando ya barabara. Gari la wageni likasimama. Mgeni mmoja, huku akitomasa machungwa, akamwambia mwenzake jambo kwa Kiingereza, wakacheka. Nikaona uso wa mume wangu umebadilika. Akaweka mfuko chini, akaanza kusema. Hakupaza sauti wala hakunyoosha kidole. Yule mgeni akawa mwekundu, akavua kofia, akampa mkono, na wauzaji wa meza zote wakashangilia. Nami niliyesimama naye bega kwa bega nikashangilia, kama mtu aliyefika ngomani bila kujua anaolewa nani. Magari yalipoondoka nikamuuliza, "Umemwambia nini?" Akanijibu, "Ni mambo marefu, Mama Husna. Kwa Kiswahili hayanogi."

Kwa Kiswahili hayanogi! Akina mama mlioko hapa, yupo aliyewahi kunyimwa tonge na mumewe mbele za watu? Mimi nilinyimwa neno. Tangu siku hiyo sikulala vizuri, na hakuna aliyejua, kwa sababu nilizidi kumpikia.

Sasa leo akasimama hapa na hotuba yake ya Kiingereza, na Fransisko, Mungu ambariki, akatutafsiria sisi tusiojua. Ndipo nikaujua mkasa wa Mkumbara. Kumbe yule mgeni alisema, watu hawa wanajivunia nchi ambayo wanailalamikia kutwa kucha, fahari gani hiyo? Na mume wangu akamjibu: "Mtoto hugombezwa na aliyemwogesha. Nchi hii nimeiogesha kwa mikono yangu, ndiyo maana naigombeza. Wewe ni mpita njia. Nunua machungwa, upite salama." Mkasimama nyote. Mwalimu akafuta machozi. Mheshimiwa akampa kamusi. Mimi pia nilipiga makofi, halafu mikono ikaganda hewani.

Kwa sababu maneno hayo ni yangu.

Usiangalie chini, Baba Husna. Ilikuwa wiki ile ile ya Mkumbara, siku chache kabla ya yule mgeni. Nilikuwa nalalamikia bei ya mahindi, nawe siku hiyo ukajisahau ukanibishia, ukasema mzalendo halalamiki. Nikakuonyesha gunzi nililoshika, nikakwambia, mtoto hugombezwa na aliyemwogesha. Nchi hii nimeilimia na kuizalia, acha niigombeze. Ukainamia mahindi yako. Nilidhani umechoka kunisikiliza, kumbe ulikuwa unabeba! Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Ndugu wageni waalikwa, wivu wangu umehama. Mwalimu simwonei tena. Sasa nayaonea wivu maneno yangu mwenyewe. Yamekwenda darasani, yamevaa suti, yamepewa mkono na wageni na zawadi na Diwani, na mimi mama yao hata salamu hayajaniletea. Ati kwa Kiswahili hayanogi? Baba Husna, yalinoga kwa Kiswahili kwanza, jikoni kwangu.

Mwalimu Hosiana, kwa niaba ya familia zote nakushukuru kwa moyo mweupe, isipokuwa kipembe kimoja ambacho bado ni cheusi. Darasa jipya likianza niandike jina. Nasikia wahitimu huja kubishana na wanafunzi wapya; basi usinikalishe upande wa mume wangu, nikalishe upande unaompinga. Nimeuzoea.

Tena nimeshaanza kusoma. Kwa kumsikiliza akijikumbushia bafuni, nimeokota msemo mmoja mnaoutumia mtu akitaka kupinga. Mheshimiwa Diwani, kuhusu hiyo kamusi uliyompa peke yake: I object. Iletwe hapa mbele, tutaisoma wawili. Na jioni ya leo gunia la mahindi lipo na redio ipo, mwenye hoja aje nayo kwa lugha aitakayo.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza leo. Na wewe Baba Husna, uliyenisikiliza siku ile ukajifanya hukusikia, asante kuliko wote.