Legeza Nati ya Tatu

Msizime injini, wanangu. Liacheni gari lingurume hapo chini ya dirisha, na wewe kifungua mimba wangu baki huko nje na spana yako, sauti yangu itakufikia; nawe kitinda mimba, nipandishe mto, uketi hapa nikushike mkono. Mwili umechoka, hilo sifichi, wala daktari hafichi, lakini moyo wangu leo unaruka kama wa msichana, na haya ninayotaka kuwausia siwezi kuyasema gari likiwa limezimwa.

Pikapu hii ni ya marehemu baba yenu. Miaka minne iliyopita, siku ya ishirini tangu tumzike, mjomba wenu, huyo mliyembandika jina la Gia Mbili kwa kuwa hajawahi kumpita hata mwendesha baiskeli, aliichukua kubeba mbao, akairudisha inatoa moshi mweusi, inagonga, inatetemeka kama mwenye homa. Akaniambia, "Dada, ni nozeli tu, moja haipulizi dizeli sawasawa." Nikamjibu kwamba amechemsha injini, ameua kitu alichoniachia mume wangu, atoke kwenye karakana yangu asirudi. Wala sikuishia hapo. Niliwaambia ninyi wawili kwamba siku nikifa asikanyage maziko yangu, nanyi mkaitikia kwa kuniogopa.

Sasa nisikilizeni. Mimi niliyefundisha nusu ya mafundi wa mtaa huu, niliyewachapa na tambara la grisi kila walipokimbilia kufungua injini kabla ya kupima, siku ile sikupima. Spana yenyewe sikuigusa. Nilikuwa na uchungu, nilitaka mtu wa kumlaumu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Hasira hasara, na hasara yangu ilikuwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Leo asubuhi mliponiuliza kama pikapu hii, iliyolala tangu siku ile, muiuze kama chuma chakavu, ndipo nikawaambia mtie betri na dizeli safi, kisha mlegeze nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine. Mlisikia wenyewe. Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya nne, ikayumba. Ya tatu mkailegeza na injini haikujali, maana silinda ile haikuwa ikifanya kazi, na mvivu akiondoka kazini hakuna anayejua. Lakini hapo bado hujui mkosaji ni nani, nozeli au silinda yenyewe, ndiyo maana nikawatuma mzibadilishe, nozeli ya tatu iende kwenye ya kwanza, ya kwanza ije kwenye ya tatu. Ugonjwa ukibaki kwenye ya tatu, injini imekufa na mimi nilisema kweli. Ukihama na nozeli, mjomba wenu ndiye aliyesema kweli. Nina miaka sabini na moja sijapenda kushindwa, na leo nimelala hapa naomba nishindwe.

Haya, mwanangu. Legeza nati ya tatu, taratibu, uso mbali na mkono mbali, dizeli ya pampu hutoboa ngozi kama sindano.

Imeyumba. Umesikia, binti yangu? Silinda ya tatu ni nzima, wala haikuwahi kufa. Kaza. Sasa ya kwanza. Legeza, legeza zaidi.

Haikujali! Ugonjwa umehama na nozeli. Ni nozeli, wanangu, nozeli tu, kitu kinachoenea kwenye kiganja. Niache nicheke, mtoto, kikohozi kitapita. Nilikuwa nikiwaimbia kila siku kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika yote mawili.

Basi wosia ule wa zamani nimeufuta, shikeni huu. Karakana ni ya kitinda mimba, kwa sababu ana sikio. Wewe kaka mtu usinune, mikono yako ni mizuri ila ina haraka, kaa naye mfanye kazi. Nyumba ni yenu wote, asimtoe mtu mwenzake. Pikapu ni ya mjomba wenu. Kwenye droo ya pili ya meza ya kazi kuna nozeli mpya, imeviringishwa kwenye gazeti. Ndiyo, ipo humo tangu mwaka juzi. Nilishaanza kushuku, nikaogopa kupima, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko ile ya kumfukuza.

Ifungeni, kisha nendeni kwake wote wawili, jirani atakaa nami. Msipige honi. Mwacheni aisikie injini, yeye ni fundi, atajua. Halafu mwambieni kwa mdomo pia, maana kujua hakutoshi: dada anasema ulisema kweli, alikudhulumu, anaomba radhi. Akitaka kufoka mwacheni afoke. Na siku ya kunizika, atembee mbele yenu.

Sogea, mwanangu, sauti inakatika. Mungu awape subira ya kupima kabla ya kuhukumu. Mikono yenu isikose kazi... mlango wenu usikose ndugu. Nimewaridhia, wote wawili, nimewaridhia.

Mwambieni namsubiri. Nitajitahidi... Nendeni.