Cheche za Kwenye Bango: Maisha ya Dada Yetu, Fundi wa Vyuma

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Cheche, alizaliwa tarehe 2 Julai 1978, mtoto wa kwanza wa kibarua wa barabara na muuza mitumba. Tulikulia vyumba viwili nyuma ya yadi ya magari ya ujenzi, na kelele za vyuma ndizo zilizokuwa zikimbembeleza alale. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985 na kumaliza sekondari mwaka 1995. Darasani alikuwa wa kati, ila mikono yake haikutulia. Alipokuwa darasa la tano, benchi la mama lilivunjika mguu. Baba akasema likatwe kuni. Dada akaokota waya na vipande vya nondo pale yadi, akaufunga ule mguu mchana kutwa huku ulimi umemtoka pembeni. Benchi hilo lipo hapa leo. Shangazi amelikalia, na shangazi si mwepesi.

Mwaka 2004 ilitangazwa ruzuku ya serikali kwa ajili ya mkoa wetu: barabara, umeme, na chuo cha kuwapa vijana ufundi. Dada alikuwa na miaka ishirini na sita, akawa msichana wa kwanza kuandikishwa darasa la kuchomelea vyuma. Mashine zililetwa mpya, zikihitaji umeme mkubwa wa kiwandani. Nguzo za umeme huo zilikuwa kwenye fungu la barabara, na barabara iliishia njia panda. Ukienda ofisi ya mafunzo, unaambiwa nguzo ni za watu wa barabara. Ukienda kwa watu wa barabara, unaambiwa chuo ni cha watu wa mafunzo. Dada alihitimu kuchomelea bila kuona moto. Mwalimu aliuchora ubaoni kwa chaki nyekundu.

Kabla ya mahafali alikuja mpiga picha. Dada akavalishwa kofia yenye kioo cheusi, glavu na barakoa yenye chujio shingoni, akasimamishwa mbele ya mashine iliyozimwa. "Shika hivyo hivyo, dada," mpiga picha akamwambia. "Cheche tutaziweka ofisini." Wakaziweka. Picha ikapandishwa kwenye bango kubwa la ruzuku pale njia panda, na jina likamganda. Kofia, glavu na barakoa vilirudi stoo jioni ile ile.

Kazi ya kweli alijifunzia gereji ya mtaani, kwa fundi mzee mwenye mashine ndogo na matusi mengi. Alifunga leso puani, akachomelea mageti, vitanda na madirisha ya nusu ya nyumba zinazotuzunguka. Mwaka 2009 chuo chenyewe kikamtafuta. Mkuu wa chuo aliogopa wezi, akataka mlango wa chuma kwa ajili ya stoo. Dada akautengeneza, kazi safi, bawaba tatu na makomeo mawili. Alirudi nyumbani anacheka kicheko kibaya. "Nimejifungia nje mwenyewe," akasema.

Alifunga ndoa tarehe 18 Novemba 2006 na dereva wa greda aliyeachishwa kazi barabara iliposimama. Greda lake lilikwama mbele ya gereji, naye akawa haishi kuja kuomba maji ya kunywa. Dada alikuwa akisema barabara haikufika, umeme haukufika, lakini dereva alifika. Hicho tu ndicho tulichonufaika nacho, na shemeji, tunakushukuru. Walijaliwa watoto watatu.

Tangu mwaka 2015 aliwafundisha kazi wasichana wanne pale gereji, bila ada. Kila mwaka alikwenda nao kwa mkuu wa chuo kuomba barakoa za stoo.

"Hiyo ni mali ya mradi, Mama Cheche. Zikichafuka, wageni watasema nini?"

"Wageni wanakuja lini?"

"Watakuja tu."

Wasichana wakamwambia wauvunje mlango. Akawajibu, "Ule nimeuchomelea mimi, hauvunjiki. Tafuteni ufunguo."

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu, akamweleza kuwa ni moshi wa vyuma wa miaka mingi, kisha akamuuliza alikuwa akijikinga na nini. "Leso," dada akajibu. "Barakoa zipo, daktari. Zimefungiwa." Mwaka uliofuata alikwenda chuoni mara ya mwisho, akipumzika kila baada ya hatua chache. Hakuomba chochote kwa ajili yake. "Mimi nimeshaharibika," alimwambia mkuu. "Hawa wasichana bado wazima." Mkuu akamwomba asubiri awamu ya pili ya ruzuku. Awamu ya pili ikaja kweli. Walipaka bango rangi upya, wakaongeza cheche. Dada alikuwa wodini, anavuta hewa kwa mpira. Sitawasamehe, na sioni sababu ya kujifanya nimewasamehe kwa kuwa niko mbele ya jeneza.

Alifariki tarehe 9 Machi 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Picha mnayoiona kwenye jalada la ratiba ya mazishi ni ile ya bango. Hatukuwa na nyingine nzuri. Maneno ya ruzuku tumeyakata. Cheche tumeziacha, maana hizo alikuja kuzilipia baadaye.

Ofisi ya mafunzo imemtuma mwakilishi, yupo viti vya mbele, na ameomba kusema machache. Familia imekaa na kukubaliana: akiwa na ufunguo wa stoo, azungumze mpaka achoke. Kama hana, tunamshukuru kwa kuja.

Ameacha mama, mume, binti mmoja na wavulana wawili, mimi mdogo wake, na wasichana wanne ambao kesho asubuhi watawasha mashine ya gereji wakiwa wamefunga leso puani.

Dada yetu apumzike kwa amani. Zile mashine za chuo zimepumzika vya kutosha.