Kadi Imevuka Mpaka

Haki ya Mungu, nikiongeza chumvi hata punje moja, ulimi huu ukauke kama soli ya kiatu! Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye benchi lililo kati ya kibanda cha kinyozi na kioski cha fundi simu. Mtandao umefungwa wiki ya tatu, simu za nje kimya. Wakubwa wamekaba kila tundu, hata mbu anaomba kibali apite. Kinyozi roho ilikuwa juu. Binti yake amelazwa, ana uvimbe kichwani, na daktari wa ng'ambo ya mpaka amebakiwa na kitanda kimoja. Alhamisi ikifika hajaona picha za kile kichwa, kitanda anapewa mwingine. Kuvusha faili bila kibali ni jela. Basi picha zikatiwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, ndogo kama ukucha, kadi ikapanda lori Jumamosi.

— Imefika! alipiga kelele Presha, mziba pancha. — Dereva karudi sasa hivi. Kamkabidhi daktari mkononi, juzi.

Kinyozi akashusha pumzi.

— Nilisemaje? Satelaiti, yule fundi simu, akajipiga kifua. — Mtandao wamefunga, kichwa changu je?

— Kichwa chako! Aliyeificha ni mimi, ndani ya tairi la akiba. Askari kalipiga mateke manne.

— Si ulisema mawili?

— Mawili mguu wa kulia, mawili wa kushoto! Na mbwa wao wananusa picha, wale.

— Picha haina harufu, bwana wee.

— Yako haina. Ya hospitali inanuka dawa!

Kinyozi akacheka, mara ya kwanza tangu mtoto alazwe.

— Hata wangeikamata wangeambulia patupu, Satelaiti akasema. — Nimeifunga kwa neno la siri, herufi ishirini na sita. Haifunguki hata walete mtambo mkubwa kama uwanja wa ndege.

— Dereva analijua?

— Nimwambie, halafu kofi moja tu atapike yote? Hajui. Wewe hujui. Baba mtoto hajui. Liko humu! Akagonga paji la uso.

— Ndugu yangu, Kinyozi akamshika mkono, — nitakunyoa bure mpaka uote kipara.

Hapo dada yake Kinyozi akatokea, anatoka zamu ya wodini, kapu la nguo chafu mkononi.

— Shikamoo kaka.

— Marahaba. Kadi imefika, dada!

— Nimesikia tangu kule. Na hilo neno, daktari kalipataje?

Benchi zima likamgeukia Satelaiti.

— Nilimtumia... meseji.

— Kwa mtandao gani, shemeji?

Akatoa simu. Kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka, tangu Jumamosi.

— Mazoea, akanong'ona. — Kidole kilibonyeza chenyewe.

— Lori? Kinyozi akauliza.

— Mpaka Jumatatu. Na njiani siku mbili, Presha akajibu, na safari hii hakuongeza kitu.

Dada akabadilisha kapu mkono.

— Mtoto kaamka. Anauliza daktari kasemaje. Nikamwambie nini?



Kinyozi alivua aproni akaenda mwenyewe. Alimwambia mtoto kwamba daktari bado anatazama picha.

Sasa nakuomba, yaishie hapa hapa. Yule dereva bado anapita mpaka ule ule.