Shangazi Vaimoana, Leo Utasubiri

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, Bi. Vaimoana Kaufusi anastaafu baada ya kufundisha mapishi ya nyumbani kwa miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha Neiafu. Sote tunamwita Shangazi. Kwetu Tonga hilo si jina la kubembelezana, maana shangazi akikataa jambo, watoto wa kaka zake wote hunywea.

Wengi hawajui kilichomleta kwenye kazi hii. Alipokuwa msichana kijijini Tefisi, mama yake alitayarisha lu kwa sikukuu ya kanisa: majani ya majimbi yaliyofungwa pamoja na nyama ya chumvi na tui zito. Mahubiri yakaisha mapema. Wageni wakakaa, wanaume wakaona haya kuwasubirisha, wakafunua tanuri la shimoni kabla ya wakati. Majani ya majimbi yasiyoiva huwasha koo kama upupu. Wageni walikohoa mpaka machozi yakawatoka, na lawama zote zikamwangukia aliyefunga majani. Mama yule hakupeleka tena chakula kwenye karamu yoyote hadi anazikwa. Mwanamke wa kwetu akifika hapo, ameumia kweli.

Ndiyo maana Shangazi hakuanza somo lolote kwa kisu wala sufuria. "Mnaharibu chakula kwa kuona haya," alikuwa akituambia. "Mgeni akikohoa tu, mnafunua." Tui linakatika kwa sababu moto umechochewa mgeni alipopiga hodi. Nyama ya chumvi hairowekwi, eti wageni wasije wakasema chakula hakina ladha, na baba mwenye shinikizo la damu anaila hivyo hivyo. Aliyasema haya kwa ukali, na mimi ni mmoja wa waliowahi kumwaga tui lililokatika mbele yake.

Kwenye sikukuu moja nyumbani kwa kaka yake alisimama kando ya tanuri, mikono kiunoni. Penisimani, mtoto wa kaka yake, akaja mbio, mkeka wa heshima tunaojifunga kiunoni ukimponyoka.

"Shangazi, tufunue! Mchungaji anatazama saa."

"Mwambie atazame Biblia."

"Watatucheka, Shangazi!"

"Waache wacheke. Wakila majani mabichi hata hiyo sauti ya kuchekea hawatakuwa nayo."

Mchungaji alisubiri, akala, akaomba afungiwe mengine ya nyumbani.

Lakini mwezi uliopita, tukiwa tunaosha vyombo, alituuliza swali. "Nikiondoka, nani atamkatalia mchungaji?" Alikuwa akimtazama Losaline, anayeshika nafasi yake. Losaline ni mpishi hodari, ila ni mke aliyeolewa huku kutoka kisiwa kingine, na mbele ya wakubwa sauti yake husikika kwa shida. Losaline akaendelea kufuta sahani. Shangazi akageuka, akaendelea kusugua sufuria iliyokwishatakata. Nilimwonea huruma, kwa kuwa nilijua anamfikiria mama yake.

Leo tanuri la karamu hii liko mikononi mwa Losaline. Mgeni wa heshima ni Shangazi mwenyewe, na kwa desturi hakuna atakayegusa chakula kabla yake. Jana mwenyekiti wetu alimwomba Losaline afunue mapema kidogo, isiwe aibu mstaafu kukaa na njaa. Losaline aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Samahani, mzee. Majani hayajui anaagwa nani. Atasubiri." Mzee akanywea.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila koo uliloliokoa na kwa kila karipio. Nenda ukapumzike Tefisi, ule vya moto, ulale bila wasiwasi, na Mungu akuongezee siku za furaha. Ila hotuba zikiisha mapema leo, utakaa mbele yetu sote na sahani tupu mpaka majani yaive. Itazame vizuri sahani hiyo, kwa niaba ya mama yako.