Dereva wa Basi Hana Jina

Kwenye Mtaa wa Barton, mjini Hamilton, Kanada, mbele ya duka la donati, kuna benchi ambalo kila asubuhi hukaliwa na wazee watatu. Orville Haggerty, aliyefua chuma maisha yake yote, huitwa Nyundo. Ferruccio Bassi, kinyozi mstaafu, ni Wembe. Wa tatu ni Alistair Dunphy, mwigizaji, naye huitwa Marehemu, kwa kuwa kila filamu ya Wamarekani inayorekodiwa mjini humo humuua mapema. Jukwaani amekuwa mfalme, askofu na hakimu. Kwenye filamu hufa kabla watu hawajamaliza bisi zao. Asubuhi hiyo sanduku jekundu la posta lilikuwa limeshavikwa buluu ya masanduku ya Marekani, ili kwenye filamu Barton igeuke New York. Kesho yake Alistair alitakiwa kupigwa risasi palepale kwenye benchi, akiwa dereva wa basi. Alikuwa hajasaini mkataba. Wakala wake alishamwambia: ukikataa hii, usinipigie tena simu.

— Saini, bwana, alisema Nyundo. Haba na haba hujaza kibaba. Ufe hivyo hivyo kidogo kidogo, mwisho watakuacha hai.

— Nilianza kufa nikiwa na nywele, Nyundo.

— Kinachomponza ni adabu, Wembe akadakia. Huyu akipigwa risasi anaomba radhi. Jambazi gani atavumilia?

— Wacha wewe, Nyundo akapinga. Ni woga wa Wamarekani. Wanajua akipewa dakika kumi, yule shujaa wao mwenye meno meupe atageuka pazia.

— Haya, sikieni la kweli, alisema Wembe. Kuna mkataba wa serikali huko Ottawa. Wao walete kamera, sisi tulete maiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone wapi? Nyundo akauliza. Si mwenyeji ndiye anayekufa?

— Methali sikuitunga mimi.

Alistair alicheka nao. Alishakufa Boston, Chicago na Detroit, zote za filamu, hatua chache kutoka mlangoni kwake, wala hakuona uchungu. Lakini benchi hili, lake na wenzake, lilikuwa jambo jingine.

Ndipo akaja mwanamke mwenye redio ya mawasiliano kiunoni na shati mkononi.

— Bwana Dunphy? Mimi Josiane Thibault, wa mavazi. Limebaki jina la kushona kifuani. Dereva huyu anaitwa nani?

Alistair akamtazama Nyundo. Nyundo akamtazama Wembe. Wembe akatazama kikombe chake.

— Kwenye mswada ameandikwa Dereva, alisema Alistair.

— Hilo nimeliona. Kwao anaitwa nani?

Josiane akauliza redioni. Sauti ikarudi: acha wazi, si anakufa?

Alistair akaweka kikombe chini, akasogea katikati ya benchi.

— Mwambie nimekufa nikiwa Polisi wa Pili, Mlevi, na Mtu Mwenye Kofia. Imetosha. Mfalme niliyemwigiza jukwaani hapo jirani alikuwa na majina manne, na alizikwa nayo yote. Dereva akipewa jina lake na la baba yake, kesho atakufa vizuri. Asipopewa, nitakuwa nimekaa hapa nanywa kahawa. Wapige risasi wapendavyo, sianguki.

— Na wakala? Nyundo aliuliza polepole.

— Kwangu anapajua.

Josiane akayarudia maneno yale redioni, neno kwa neno. Wembe akajisogeza ukingoni, akampa nafasi, naye akaketi nao na shati lake, kungoja jibu.