Mwalimu Ruguru na Hadithi Iliyokataa Kuhama

Popote redio yako ilipo, jikoni au dukani, iongeze sauti kidogo. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu Cicily Ruguru wa Kianjokoma, Embu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ni presha iliyomchukua, na Ijumaa tulimzika. Mimi Salesio nilimjua, na nitawaambia ukweli wote, hata ule unaoniaibisha.

Mwalimu Ruguru alifundisha darasa la nne miaka thelathini na miwili. Mwaka jana, akiwa amestaafu zamani, alikuja hapa studio, koti lake la mvua likichuruzika maji kwenye zulia letu, akasema, "Kijana, nina hadithi ya sura kumi. Nipe Jumamosi." Mimi kijana nina miaka hamsini. Nikampa Jumamosi.

Hadithi ilikuwa ya mjane anayeitwa Nkirote. Shemeji yake anataka shamba lake la chai. Nkirote hakuwa mtu wa kweli. Shikeni hapo, hakuwa mtu wa kweli. Lakini baada ya sura sita, mzee mmoja wa kanisa akaleta barua akidai ametukanwa. Wakubwa wetu wakaogopa. Na mimi ndiye niliyewatangazia, kwa sauti hii hii, kwamba hadithi imesimamishwa. Niliona haya. Mpaka leo naona haya.

Nilimpigia simu kumpa pole, akacheka. "Salesio, nilirusha jiwe gizani. Aliyelia, ujue limempata."

Wiki iliyofuata, sura ya saba ilitokea kwenye ukuta wa mashine ya kusaga unga, kwa rangi nyekundu, mkono wa Mutegi mchora mabango. Sasa, ukuta ule mnaujua. Ndipo tunaposoma matangazo ya matanga na ya baraza za chifu. Sura iliishia hivi: "Jumanne Nkirote atafika kwa chifu, peke yake." Basi kina mama ambao hawakuwa wakisikiliza redio wakadhani ni tangazo. Jumanne wakafika kwa chifu wanawake arobaini, na nduma za kuchemsha, na chai kwenye thamosi, wamekuja kusimama na Nkirote!

"Nkirote ni nani?" chifu akauliza. "Hapa sina kesi ya huyo."

Akasimama Makandi, mjane wa miaka miwili, aliyeolewa Kianjokoma kutoka Chogoria.

"Chifu, kama huyo hayuko, mimi niko. Shemeji yangu ameniambia nitoke kwa shamba nirudi kwetu. Andika."

Chifu akaandika, na kesi ikapelekwa kortini. Na shemeji yake Makandi alikuwa nani, wasikilizaji? Yule yule mzee wa barua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake ukuta ukapakwa chokaa. Mutegi akaogopa, akakataa kazi. Mwalimu Ruguru akanunua brashi, akapanda ngazi mwenyewe, umri ule, akaandika: "Hadithi inaendelea kwa simu. Usiye na simu, uliza jirani." Sura ya nane ikatoka kwa sauti yake kwenye WhatsApp. Ya tisa ikawa wimbo wa wachuma chai, na dada yangu aliyeko Kinoru, kule Meru, aliniimbia wote. Redio, ukuta, simu, wimbo, na hadithi ni ile ile moja. Hakurudia sura hata moja. Ukitaka kuifuata ilibidi uongee na watu.

Binti wa mwalimu, Kendi, anasema wazee walimfuata mama yake nyumbani. "Walimwambia, 'Mwalimu, wewe malizia tu vizuri. Huyo mama arudi kwao, watu watulie.' Mum akawamiminia chai, akawaambia, 'Kunyweni, wazee. Lakini hadithi yangu haihami.'"

Alifariki sura moja ikiwa haijatoka. Sura ya kumi, ya mwisho. Kendi alipekua daftari lake akakuta mstari mmoja tu: "Sura ya kumi ni ya Makandi. Ataisema mwenyewe."

Basi Ijumaa, kando ya kaburi, Makandi akapewa maikrofoni. Shemeji yake alikuwa ameketi safu ya mbele. Makandi akasema bila kubabaika.

"Mwalimu aliniachia mwisho. Kesi bado iko kortini, lakini mimi sijatoka. Na Jumatatu nachuma chai yangu."

Kina mama walipiga vigelegele pale pale makaburini, na mchungaji akawaacha.

Kendi, na jamaa wote wa mwalimu, poleni sana. Mungu awape nguvu, maana mmepoteza mtu mzito. Na sisi wengine tujiulize. Yule mjane jirani yetu, siku alipoambiwa arudi kwao, sisi tulikuwa tunaangalia wapi?

Asubuhi hii, kabla sijaingia studio, nimeombwa nisimtaje Makandi. Nimemtaja. Leo ni Jumatatu, wasikilizaji wapendwa, na Makandi yuko shambani kwake.