Mama Khamnoi Anapelekwa Nan

— Basi kwanza!

— Treni kwanza, mbishi wewe! Treni ina reli yake, haipotei. Basi lina dereva, na dereva ana usingizi.

— Kop, hii safari ni ya mama yangu au ya mama yako?

— Ya mama yako. Lakini wali wake nimeula tangu sina meno ya mbele, kwa hiyo na mimi nina kauli.

Benchi la Saengda mbele ya kituo cha treni cha Den Chai lilikuwa limejaa mapema asubuhi ile. Kahawa ilikuwa ikichujwa kwenye mfuko wake mrefu wa kitambaa, maziwa mazito yamelala chini ya kila gilasi, na vitumbua vya mafuta vilivyoshikana viwili viwili vilikuwa vikitoka karaini. Kando ya benchi, karibu kabisa, lilikuwa limeegeshwa basi la kukodi la ghorofa moja na nusu, limepakwa rangi za waridi na kijani, ubavuni limechorwa joka linalocheka. Ndani yake mlikuwa mmeshapakiwa vikapu vya wali wa kunata, ngozi ya nguruwe ya kukaanga, pilipili ya kusaga, mito, na spika ya kuimbia. Ukoo mzima wa Inpan, fundi wa pikipiki wa hapo kituoni, ulikuwa unasafiri: kwa basi mpaka mji wa Nan, kurudi tena hapa, kisha kupanda treni ya kaskazini mpaka Lamphun na Chiang Mai. Watoto na shangazi zao walikuwa sokoni wakinunua maua ya mwisho. Inpan alibaki kulinda mizigo na kugombana na Kop.

Kop maana yake ni chura. Alipewa jina hilo utotoni kwa sababu mvua ikinyesha hanyamazi, na isiponyesha hanyamazi vilevile.

— Nisikilize, ndugu yangu, — alisema Kop. — Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa, basi lenu lina ngazi ya kupanda. Huoni kama hapo mmeshakwenda kinyume?

— Huo msemo unahusiana nini na basi? — aliuliza Saengda, akimimina chai ya moto kwenye gilasi tupu.

— Unahusiana. Fikiria tu polepole.

Inpan alitikisa kichwa. — Mnara wa Mama uko Nan. Yeye ni wa mwaka wa Sungura, na Sungura wote mnara wao ni ule wa Chae Haeng. Macho yake daktari kasema yanafunga kama pazia, na hayafunguki tena. Wangu mimi Jogoo uko Lamphun, unaweza kungoja. Wa dada yangu Mbuzi uko juu ya mlima wa Chiang Mai, nao unaweza kungoja. Macho ya Mama hayangoji. Basi kwanza.

Kop akachukua kitumbua.

Benchi lote lilijua uzito wa maneno hayo. Mama Khamnoi alikuwa ameuza wali wa kuchomwa ndani ya mianzi pale kwenye jukwaa la kituo tangu ujana wake. Aliuchoma usiku, akaupitisha madirishani asubuhi, treni ikaondoka, yeye akabaki. Kwao miaka huitwa kwa majina ya wanyama kumi na wawili, kila mtu ana mnara mtakatifu wa mwaka wake wa kuzaliwa, na kila mtu hutamani kuusujudia walau mara moja kabla hajafa. Wa Mama Khamnoi ulikuwa ng'ambo ya milima. Inpan alikuwa mtoto alipomwambia, "Mama, nikikua nitakupeleka Nan." Alikuwa amekua, akaoa, akapata wajukuu, na ahadi ile ilikuwa bado imemkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Leo ilikuwa inatoka.

— Lakini mimi nawaonea huruma, — alisema mzee mmoja mwembamba mwishoni mwa benchi. Huyo alikuwa Wongsa. Wote walimwita Mtawa, kwa kuwa aliwahi kuvaa kanzu ya utawa msimu mmoja wa mvua, akatoka kwa ajili ya supu ya tambi. — Kila mmoja wenu anakimbia huku na huku. Mimi ni wa mwaka wa Mbwa. Mnara wetu sisi uko mbinguni.

— Basi hilo haliendi huko, — alisema Saengda.

— Inategemea dereva, — alisema Kop, na benchi likacheka, hata Inpan.

Hapo ndipo alipofika Bibi Tip, na kishada cha nyuzi nyeupe mkononi, kuwafunga wasafiri mikononi ili roho zao zisibaki njiani. Bibi Tip alikuwa ndiye mtu mzima kuliko wote mtaani. Wanaume waliinuka, wakaunganisha viganja kifuani kumwamkia. Yeye akamshika Inpan mkono, akaanza kufunga uzi huku akinong'ona baraka.

— Mfunge vizuri, Bibi, — alisema Kop. — Hata wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Huu ni mkono, mjinga wewe. — Bibi Tip alikaza fundo. — Uende salama, mwanangu, urudi salama. Na mama yako mnampeleka wapi?

— Nan, Bibi. Kwenye mnara wake wa Sungura.

Bibi Tip aliachia uzi.

— Sungura gani?

— Mama. Mwaka wa Sungura.

— Nani, Khamnoi? Khamnoi hajawahi kuwa Sungura hata siku moja! Khamnoi ni Chui Milia.

Inpan alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeombea awe amesikia utani.

— Bibi, kwenye kitambulisho chake...

— Kitambulisho kilimzaa? Mimi nilikuwepo. Sikukuu ya kumwagiana maji ilipofika, Khamnoi alikuwa keshatoka tumboni, amebebwa mgongoni, ana kofia ya kitambaa. Watu wanamdondoshea maji kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa mtoto mpumbavu, nikammwagia kata nzima kichwani. Nilichapwa mbele ya wageni. Unadhani fimbo ile naweza kuisahau? Na mwaka hugeuka na maji, haugeuki kabla. Aliyezaliwa kabla ya maji ni wa mwaka wa nyuma. Chui Milia.

— Sasa Sungura aliingiaje?

— Baba yake. Alikwenda kuandikisha baada ya sikukuu, pombe ya mchele ilipomtoka kichwani. Akaulizwa mtoto ni wa mwaka gani, akasema mwaka aliouona mbele yake. Na mama yake maskini alifariki kabla mtoto hajajua kuuliza.

— Bibi, na wewe miaka yote hii hukusema?

— Nani aliniuliza? — Bibi Tip alishangaa kweli kweli. — Mnara wa Chui Milia si huu wa Cho Hae, hapa jirani Phrae? Kila mwaka namwona Khamnoi kwenye maandamano, amebeba kitambaa cha kuuvika mnara. Nikajua anajua.

Benchi likalipuka.

— Balaa! — alisema Kop. — Mnajua maana yake? Mama akisujudu Nan leo, thawabu inaandikwa kwa Sungura. Na yeye si Sungura. Basi itakwenda kwa Sungura mwingine! Kuna jitu limelala huko kwenye kitanda cha kamba, linakoroma, thawabu zinaliangukia tu kama maembe, halijui zinatoka wapi.

— Acha fiksi, — alisema Mtawa. — Thawabu haimwendei mtu asiye wake. Inakaa palepale inangoja, kama mzigo usio na mwenyewe kwenye kituo cha treni.

— Na ikikaa sana?

— Inapigwa mnada.

— Nyinyi wawili mtatupwa motoni, — alisema Saengda.

— Ngojeni, ngojeni. — Kop alisimama, macho yamemtoka. — Marehemu baba yake Inpan alikuwa mwaka gani?

— Ng'ombe, — alisema Inpan taratibu.

— Ng'ombe! Na siku ya posa walipelekwa kwa mpiga ramli kuangalia kama miaka inapatana, sivyo? Ng'ombe na Sungura, safi, chukua mke. Lakini Ng'ombe na Chui Milia? Jamani! Chui anamla ng'ombe! Wasingeruhusiwa hata kukaa benchi moja! Basi ndoa ilikuwa batili. Na kama ndoa ni batili, Inpan, kwa mujibu wa hesabu, wewe hujazaliwa. Nimekuwa nikibishana na hewa tangu alfajiri.

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini Saengda hakucheka. Alikuwa ameshika birika, akimtazama Inpan.

— Kop leo amesema la maana bila kujua, — alisema. — Ile pombe ya mchele na ibarikiwe. Kama baba yake Khamnoi angewahi kuandikisha, kusingekuwa na posa, kusingekuwa na Inpan, na nyote hapa mngekula nini udogoni? Mnasahau nani alikuwa akiwapa wali uliovunjika mwanzi, usiouzika?

Hakuna aliyekuwa amesahau. Kop alikaa chini. — Hata usiovunjika, — alisema kwa sauti ndogo. — Alikuwa akiuvunja makusudi. Nilimwona.

Inpan hakuwa anasikia vizuri. Uzi mweupe ulikuwa unaning'inia mkononi mwake, umefungwa nusu. Alikuwa anautazama mlima upande wa Phrae. Mnara wa Cho Hae! Mahali ambapo mtu wa Den Chai huenda na kurudi kabla chakula cha mchana hakijapoa. Mama yake alikuwa amekwenda huko mwaka baada ya mwaka, kwa gari la mizigo la majirani, wakati mwingine sehemu ya njia kwa miguu, bila kumngoja mwanawe. Zawadi aliyoibeba Inpan maisha yake yote alikuwa ameikunjua mbele ya watu, na ndani yake hamkuwa na kitu.

— Tusimwambie, — alisema hatimaye. — Nawaomba. Akasujudu Nan, afurahi, tumalize.

— Umdanganye mama yako mbele ya mnara mtakatifu? — aliuliza Mtawa.

— Basi nifanye nini, Mjomba? Nimwambie sina pa kumpeleka? Kwamba nimekusanya ukoo mzima, dada zangu wametoka Bangkok wamekesha njiani, halafu alikuwa keshajifikisha mwenyewe? Mimi nilitaka niwe na kitu kimoja. Kimoja tu nilichomfanyia, baada ya yote aliyonifanyia.



Dereva wa basi alitoka nyuma ya gari akifuta mikono. Alikuwa kijana wa kusini kabisa, amekuja na gari, na kwao mambo ya minara ya kuzaliwa hayapo. Alikuwa amesikia kelele zote na hakuelewa zaidi ya nusu. Aliwaamkia wakubwa, akaomba gilasi ya kahawa, akanywa funda, halafu akauliza kwa adabu:

— Samahani wazee wangu. Kwa hiyo huko Nan tunampeleka nani?

Mtawa aliangalia viatu vyake. Saengda akatikisa birika, lilikuwa tupu, akaendelea kulitikisa.

Ndipo mlango wa basi ulipolia ukafunguka.

Wote walikuwa wamedhani Mama Khamnoi yuko sokoni na binti zake. Kumbe alikuwa amepanda tangu mapema, akakaa kiti cha mbele, dirisha liko wazi juu ya vichwa vyao. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini masikio yalikuwa mazima kabisa. Alisimama kwenye ngazi ya juu, amevaa sketi yake ya kusuka ya sikukuu na ua la jasmini kwenye fundo la nywele. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa anacheka.

— Tip! — aliita. — Ile kata ya maji ndiyo iliyoniharibu masikio!

— Masikio yako hayana hata kovu, — alijibu Bibi Tip, naye akilia.

Inpan alikwenda mpaka mlangoni. Akapiga magoti pale kwenye vumbi, akaweka paji la uso kwenye miguu ya mama yake, kama afanyavyo mtoto siku ya kuomba radhi.

— Mama, umesikia?

— Nimesikia. Nimesikia mpaka habari za ng'ombe na chui. — Akamwekea mkono kichwani. — Kile kitambaa cha Cho Hae, mwanangu, nilikuwa nakibeba kila mwaka nikidhani nawasaidia wenzangu wenye mnara wao. Nilikuwa nikisujudu nyuma kabisa, ili nisiwazibie. Kumbe nami nilikuwa nyumbani. Nimshukuru nani kwanza?

— Lakini Nan, Mama. Sasa Nan nakupeleka kufanya nini?

Mama Khamnoi alifikiri. Nyuma ya Inpan benchi lote lilikuwa limesimama, gilasi mikononi, na kutoka sokoni watoto walikuwa wanakuja mbio na maua. Aliinama, akaufunga ule uzi uliobaki nusu, fundo moja juu ya jingine, kwa kupapasa.

— Kila nilikokwenda maishani, nilikwenda kuuza au nilikwenda kuomba. Leo sina cha kuuza, na cha kuomba nilishapewa. Nipeleke nikatazame tu. Milima, mto, watu, chochote kile. Haya inuka, mwanangu, panda. Umeziba mlango.